Miradi ya vyuo vikuu kutoka ng'ambo: tusiitwe tu kuja kutia sahihi

Leo ninaomba tuzungumze juu ya pesa ambazo wengi wetu tunazisikia kwa mbali. Si pesa za unga wala za mahema. Ni pesa za miradi ya vyuo vikuu.

Kwa kawaida, karibu na mwisho wa mwaka, Umoja wa Ulaya unatangaza mwito mpya wa miradi kwa ajili ya kuimarisha vyuo vikuu vya nchi zingine, chini ya programu inayoitwa Erasmus+. Siku ya mwisho ya kutuma dosiye huangukia mwezi wa pili. Katikati kuna Noeli, kuna Mwaka Mpya, na kwa sisi wa Kivu kuna pia mambo mengine ambayo hayatangazwi mbele. Wabelgiji nao wana njia zao: ARES kwa upande wa vyuo vinavyofundisha kwa Kifaransa, na VLIR-UOS kwa upande wa vile vya Flandria. Zote mbili zimefanya kazi na vyuo vya Kongo kwa miaka mingi.

Mama anayetafuta chakula cha jioni anaweza kuniuliza hayo yanamhusu nini. Yanamhusu. Mtoto wake aliyeacha masomo katika mwaka wa pili kwa sababu ya vita anatajwa ndani ya karatasi hizo: "vijana waliohamishwa na vita", "wanafunzi walio katika hali ngumu". Anatajwa bila kuulizwa, na mara nyingi hata chuo chake hakikuulizwa vizuri.

Lakini kwanza niseme neno kwa ajili ya wale wanaoibiwa sasa hivi. Mradi si ufadhili wa masomo. Pesa za mradi zinapewa vyuo, kwa kazi iliyoandikwa: kutengeneza programu mpya ya masomo, kufundisha walimu, kununua vifaa vya maabara. Hazipewi mtu mmoja mmoja mkononi. Kwa hiyo mtu anayepita katika mitaa na kusema, "leta dola 50 nifungue dosiye ya mtoto wako kwenye mradi wa Ulaya," huyo ni mwizi, hata akiwa na beji shingoni na kalamu mbili mfukoni. Kutuma dosiye hakulipishwi, si kwa chuo wala kwa mwanafunzi. Na tusichanganye na DAFI, ule ufadhili ambao shirika la UNHCR linasimamia toka 1992 kwa msaada wa Ujerumani. Huo unalenga wakimbizi waliovuka mpaka. Sisi tuliokimbia kutoka kijiji kimoja hadi kingine ndani ya Kongo hii hii, karatasi zinatuita jina lingine, na mlango ule haukujengwa kwa ajili yetu. Ni uchungu, lakini heri mzazi aujue mapema kuliko kuuza mbuzi wa mwisho.

Sasa turudi kwenye vyuo vyetu, maana hapo ndipo nina maneno.

Mwalimu mmoja wa chuo cha jimbo letu alinionyesha ujumbe aliopokea kwenye simu kutoka kwa profesa wa Ulaya. Zilibaki siku tano tu mbele ya mlango kufungwa. Profesa alikuwa na heshima sana. Aliomba mambo mawili: ile nambari ya tarakimu tisa ambayo kila chuo kinapewa kinapojiandikisha kwenye mtandao wa Umoja wa Ulaya, na sahihi ya rekta kwenye karatasi ya kumpa chuo kinachoongoza mamlaka ya kusema kwa niaba ya wengine. Mradi wenyewe ulikuwa umekwisha kuandikwa. Ulihusu vijana wetu. Rekta alitafutwa mbio mbio, akatia sahihi, muhuri ukapigwa, karatasi ikapigwa picha na kutumwa. Mwalimu huyo hakuwahi kuona ukurasa wa bajeti. Nilipomuuliza chuo chake kitapata kiasi gani, alicheka.

Simlaumu profesa wa Ulaya. Yeye alifanya kazi usiku kucha, na kama asingeandika, kusingekuwa na mradi wowote. Lakini mradi wa namna hiyo unakuja na suluhisho lililokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Ndiyo maana tunaona ofisi zenye kompyuta zisizowashwa kwa kukosa umeme, na mafunzo ya siku tatu hotelini ambayo mwisho wake ni picha ya pamoja na cheti.

Ajabu ni kwamba sheria zenyewe hazitulazimishi kukaa nyuma. Chuo cha Kongo kinaruhusiwa kuongoza muungano wa vyuo na kutuma dosiye kwa jina lake. Tena, mwito huo una sehemu tatu, na ile ya kwanza iliwekwa hasa kwa vyuo vidogo visivyo na uzoefu, na inataka watu wenye nafasi finyu ya kusoma wafikiwe. Ruzuku yake inaanzia euro 200,000 hadi 400,000, kwa miezi 24 au 36. Sehemu ya pili inafika 800,000. Ya tatu inafika milioni moja, ila hiyo inadai wizara iwe ndani, na mimi singemshauri mtu aanzie huko.

Tazameni pia namna wanavyotoa pointi. Dosiye inapimwa juu ya pointi 100. Pointi 30 ni za kuonyesha kwamba mradi una maana: unajibu shida gani, ya nani, na umeijuaje. Zingine 30 ni za namna kazi ilivyopangwa, 20 za ushirika kati ya vyuo, 20 za matunda yatakayobaki. Usipofikisha 60 kwa jumla, umeanguka. Usipofikisha 15 katika zile 30 za kwanza, umeanguka pia, hata kama mengine yote ni mazuri. Sasa niambieni, ni nani anayeijua shida ya mwanafunzi aliyekimbia? Yule wa Brussels, au yule asista ambaye ana wanafunzi sita waliolala kwenye sebule ya nyumba yake?

Nitoe mfano wa shida moja ambayo mimi ningeiandika kama ningekuwa mwalimu. Toka vyuo vyetu vilipoingia katika mfumo wa LMD, mwaka wa masomo unahesabiwa kwa krediti 60. Maana yake, kwa nadharia, mwanafunzi aliyefaulu krediti 40 Goma anaweza kuzibeba hadi Kisangani au Bunia na kuendelea. Kwa vitendo, binti anafika kule bila karatasi yoyote ya pointi. Karatasi zilibaki katika kabati la chuo, chuo kimefungwa au mwandishi wake naye amekimbia. Anaambiwa aanze upya mwaka wa kwanza. Pesa za masomo analipa upya. Wazazi waliokwisha kulipa mara moja kwa kuuza shamba hawana shamba lingine. Wengi wanaishia hapo, hasa wasichana, na baada ya mwaka mmoja unasikia ameolewa au anauza makala kando ya barabara.

Dawa ya shida hiyo haihitaji jengo. Inahitaji vyuo vinne au vitano vikubaliane kuweka pointi za wanafunzi mahali pamoja palipo salama, mbali na mji wenye vita, na vikubaliane kuzitambua. Inahitaji sheria ndogo ya pamoja, watu wawili wa kompyuta katika kila chuo, na mafunzo kwa wale wa ofisi ya masomo. Vyuo vya Ulaya vina ujuzi mkubwa wa kuhamisha krediti kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa hiyo nao wangekuwa na kazi ya kweli ndani ya mradi, si kuja tu kutembelea. Huo ni mradi wa euro 400,000 au pungufu. Na aliyeishi jambo hilo ndiye anayeweza kuliandika kwa namna ambayo msomaji wa Brussels atasimamisha kikombe chake cha kahawa.

Nimesikia majibu ya walimu, na siyo ya kupuuza. Wanasema mishahara haifiki, na anayeandika dosiye ya kurasa nyingi halipwi kwa kazi hiyo. Wanasema umeme unakatika, mtandao ni wa kununua mega kidogo kidogo, na fomu yenyewe iko mtandaoni tu. Wanasema wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, na washirika wengi wanapenda dosiye ya Kiingereza. Yote ni kweli. Na kuna lile kubwa kuliko yote. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, kambi zilizozunguka mji zikavunjwa. Ni majuma yale yale ambamo mlango wa Brussels hufungwa, saa kumi na moja jioni kwa saa ya kule, saa kumi na mbili kwa saa yetu, na mfumo hauulizi kwa nini umechelewa.

Lakini jibu langu ni hili: kama tunajua kwamba mwezi wa pili unaweza kutukuta porini, basi tusianze mwezi wa kwanza. Mwito haubadiliki sana kutoka mwaka hadi mwaka. Kurasa zinazoeleza shida, majina ya washirika, mgawanyo wa kazi, hayo yanaweza kuandikwa mwezi wa sita, kwa utulivu, kwa Kifaransa, maana dosiye inapokelewa pia kwa Kifaransa. Na rekta anaweza kuchagua watu watatu, awapunguzie saa za kufundisha, awaambie: kazi yenu ni hii. Haligharimu dola, linagharimu uamuzi.

Jambo lingine ambalo watu wetu wangelijua kuliko mtu yeyote, ni namna ya kupanga kazi mahali penye vita. Siku hizi miradi hii inalipwa kwa mafungu ya kazi. Kiasi cha kila fungu kinapangwa toka mwanzo, na fungu lisilomalizika linaweza kukatwa pesa. Mtu wa Ulaya ataandika fungu moja kubwa: "mafunzo ya walimu 100 mjini Goma". Barabara ikifungwa, fungu lote linaingia mashakani. Mtu wa hapa angeandika mafungu madogo madogo, mafunzo yanayoweza kuhamia mji mwingine au kufanyika kwa mtandao, na chuo mwenzetu kilicho Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa kikawa na akaunti ya benki inayofanya kazi. Huo si ujanja. Ni kujua nyumba unayoishi.

Na sahihi? Sisemi warekta wakatae kutia sahihi miradi ya wengine. Mara nyingi ndiyo njia ya kwanza ya kujifunza. Ninasema kabla ya kalamu kugusa karatasi, waombe waone ukurasa wa bajeti. Umoja wa Ulaya hautoi zaidi ya asilimia 90 ya gharama, sasa ile asilimia 10 inayobaki nani ataibeba? Vifaa vitakavyonunuliwa vitakaa chuo gani? Nani atalipa mtu wa kuvitunza mradi ukiisha? Mshirika mwema hachukii maswali hayo. Anayechukia, mwachieni sahihi yake.

Kwenu wanafunzi mliohama: undeni orodha yenu. Majina, chuo mlichotoka, mwaka, krediti mlizofaulu kama mnazikumbuka, karatasi mlizonazo na zile mlizopoteza. Watu 30 wanaosema kwa pamoja katika ofisi ya katibu mkuu wa masomo wa chuo kilicho karibu nanyi wanampa kitu ambacho hana, yaani hesabu ya kweli ya kuweka ndani ya dosiye. Muulizeni pia kama chuo hicho kimekwisha kuingia katika mradi wowote unaowataja wahamishwa, na kama mnaweza kuusoma.

Na wazazi, orodha hiyo haina malipo. Akija mtu kuwaambia jina la mtoto linaingia kwa dola kumi, mwombeni barua ya chuo yenye muhuri, kisha mwende chuoni wenyewe mkaulize kama wanamjua.