Nani Ahesabu Ndege wa Udzungwa?

Wako wasomaji wetu watakaocheka wakiona kwamba gazeti la wafanyakazi limeziweka kando leo habari za mishahara na bei ya unga, likaandika habari za kuhesabu ndege. Tunawaomba wacheke kwanza, kisha wasome.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwaka, Jumamosi moja ya mwezi Mei na nyingine ya mwezi Oktoba, watu wa nchi nyingi huamka alfajiri wakaenda maporini na milimani kuhesabu ndege, wala hawalipwi hata senti moja. Siku ya Mei ilianzishwa mwaka 2015 na Maabara ya Ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, na ile ya Oktoba ikafuata mwaka 2018. Hesabu zao zote huingizwa katika daftari moja la dunia liitwalo eBird, ambalo mtu yeyote mwenye simu ya kisasa aweza kuandika ndani yake, na kuyasoma yaliyoandikwa na wengine. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,100 za ndege. Sisi twaona kwamba mahali pamoja panapostahili kazi hii kuliko pengi ni Milima ya Udzungwa, na kwamba watu wanaostahili kuifanya ni wale wanaolala chini ya milima hiyo: wakata miwa na mafundi wa viwanda vya sukari vya Kilombero, wafanyakazi wa reli ya TAZARA, walinzi wa mitambo ya umeme ya Kidatu, walimu na wakulima wa Mang'ula na Sanje.

Udzungwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992. Eneo lake ni kilometa za mraba 1,990, na hakuna barabara ya gari inayopita ndani yake. Mgeni huenda kwa miguu. Msitu wake huanza chini, yapata mita 250 juu ya usawa wa bahari, ukapanda bila kukatika hadi kwenye vilele vya zaidi ya mita 2,500. Katika Afrika ya Mashariki msitu wa namna hiyo, uliounganika toka bondeni hadi kileleni, ni nadra mno. Toka humo hutiririka mito iingiayo Kilombero, na Kilombero ndiyo huleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayewasha taa jioni kwa umeme wa Kidatu au wa Rufiji ana deni kwa milima, ingawa hajapata kuiona.

Tumeulizwa: hesabu ya watu wasio wataalamu, waliojitolea Jumamosi na Jumapili, ina thamani gani? Jibu letu ni kwamba ina thamani kubwa, ikiwa itarudiwa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1900, Frank Chapman, bwana aliyefanya kazi katika makumbusho ya New York, aliwaomba watu waache desturi yao ya kushindana kupiga ndege risasi siku hiyo, wawahesabu badala yake. Waliomwitikia ni watu 27 tu, katika mahali 25. Hesabu hiyo haijaachwa hata leo, na nyingine zimezaliwa pembeni yake. Mwaka 2019 wataalamu walipozikusanya hesabu za namna hii za miaka karibu 50, nyingi zikiwa kazi ya mikono ya watu wa kujitolea, waligundua kwamba Marekani na Kanada zimepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu mwaka 1970. Hapakuwa na tauni wala vita. Ndege walipungua mmoja mmoja, mbele ya macho ya watu, na asingejua mtu ila kwa sababu karani wa posta au mwalimu mstaafu aliandika kila mwaka alichokiona.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Katika safu hiyo hiyo ya Udzungwa, kwenye maporomoko ya Kihansi, waligunduliwa mwaka 1996 vyura wadogo sana ambao hawakupata kuonekana mahali pengine po pote duniani. Maji ya Kihansi yakageuzwa mwaka 2000 kwenda kuzalisha umeme. Vyura walihesabiwa. Mwezi Juni mwaka 2003 walikadiriwa kufika 20,000 hivi. Mwezi Januari mwaka 2004 walioonekana kwa macho walikuwa 3. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Kama wamerudishwa pale tangu mwaka 2012, ni kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa mapema kufugwa katika bustani za wanyama huko Marekani. Sisi hatusemi umeme ulikuwa kosa. Twasema kwamba toka wengi hadi karibu hakuna ilipita miezi 7, na taifa lililijua jambo hilo kwa sababu kulikuwa na watu wa kuhesabu. Ni vitu vingapi vimetoweka katika mabonde ambayo hayakuwa na mtu mwenye daftari?

Basi kazi yenyewe si ngumu, lakini yataka uaminifu. Watu hutangulia njiani kabla ya jua, maana ndege huimba zaidi asubuhi. Husimama mahali palipokubaliwa, wakanyamaza dakika 10, wakaandika kila ndege aliyeonekana na kila aliyesikika, kisha husogea mbele. Msituni wa kusikika ni wengi kuliko wa kuonekana. Hondohondo hutangazwa na kishindo cha mabawa yake kabla hajatokeza, na shorewanda hupiga kelele kichakani mchana kutwa bila kutoa hata mkia. (Anayekwenda kwenye maporomoko ya Sanje asisimame karibu na maji: yale maporomoko ya zaidi ya mita 170 hayamwachii mtu sikio la kusikia chozi.) Saa ya kuanza huandikwa, na saa ya kumaliza, na hali ya mvua, na idadi ya watu waliokuwapo, kwa sababu watu 8 wakiona njiwa wengi kuliko watu 2, huenda njiwa hawakuongezeka, yaliyoongezeka ni macho.

Na mahali pasipoonekana kitu, huandikwa kwamba hapakuonekana kitu. Hapa ndipo tunapowatazama kwa jicho kali wanachama wetu. Tumezoea taarifa zinazopanda kila mwaka. Ekari huongezeka, mahudhurio huongezeka, na mwenye kuleta tarakimu ndogo huonekana mvivu au mpinzani. Mtu mwenye tabia hiyo asiende mlimani. Ndege aliyeongezwa kwenye karatasi ili tawi lisifiwe ni uongo utakaodanganya watu wa mwaka 2050.

Yafaa pia hesabu ifanywe zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wataalamu wameonyesha kwamba baadhi ya ndege wa misitu ya juu katika milima yetu ya mashariki huteremka wakati wa baridi, mwezi Juni hadi Agosti, wakakaa katika misitu ya chini. Misitu hiyo ya chini ndiyo iliyokatwa sana kupisha mashamba. Atakayehesabu mwezi Oktoba peke yake atadhani msitu wa chini hauna kazi kwa ndege wa juu, na atakosea.

Sasa twaja kwenye neno ambalo hasa limetufanya tuandike. Mwaka 1981 wataalamu walimkuta katika msitu wa Mwanihana chozi ambaye hajulikani kuishi nje ya milima hii. Miaka 10 baadaye, mwaka 1991, wataalamu wa Kidenmaki waliopiga kambi katika misitu ya Udzungwa walimaliza chakula cha jioni wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Ndege huyo, aina ya kwale, alikuwa mgeni kabisa kwa elimu ya dunia, na jamaa zake wa karibu wako Asia. Habari hii husimuliwa kwa kicheko, nasi tulicheka. Lakini mtego ulikuwa wa nani? Hatuna budi kusadiki kwamba mkono uliomtega kwale yule ulijua analala wapi na anakula nini, kabla vitabu havijampa jina. Ujuzi huo uliishia kwenye sufuria kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeuuliza.

Ndiyo maana hatutaki hesabu ambayo wageni na wasomi wa mjini wanashika kalamu, na wenyeji wanashika mizigo. Tunataka mwenyeji ashike kalamu.

Tena lipo jambo lililo zito zaidi. Hadi mwaka 2011 akina mama wa vijiji vilivyo ukingoni mwa hifadhi waliruhusiwa kuingia siku maalumu ya juma kuokota kuni kavu. Mwaka huo ruhusa iliondolewa. Hatuandiki leo ili kuufufua ubishi huo. Msitu unaopikia maelfu ya mafiga haudumu, na wenye hifadhi walikuwa na sababu zao. Lakini mama aliyezuiwa kuni anajua uzito wa katazo hilo kila jioni. Huwezi kumwambia Jumatatu kwamba mlima si wake, kisha ukamwita Jumamosi ajitolee kwa ajili ya mlima wake. Mkitaka aje, mpeni haki ya mwenye mali: ayajue mahesabu. Hesabu ikimalizika, ibandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na mlangoni mwa kiwanda, yenye majina ya ndege kama wanavyoitwa na wenyeji, pamoja na mwaka huu na mwaka uliopita kwa kulinganisha. Hesabu inayopelekwa ng'ambo peke yake, ikasomwa na watu wasiokunywa maji ya mito hiyo, hatuiiti ya kujitolea. Hiyo ni kazi ya bure.

Kwa hiyo tunayaomba matawi yetu ya bonde la Kilombero na vyama vya wafanyakazi vya huko vipate watu 20 au 30 wa kuanzia, nusu yao wawe wanawake, na wazee wawili watatu waliokuwa wakitega zamani, ambao masikio yao ni bora kuliko simu yo yote. Waajiri wasimkate mtu zamu aliyoibadilisha kwa kazi hii. Tunawaomba wenye hifadhi waondoe ada ya kiingilio kwa watakaohesabu siku hizo 2, na watoe askari wa kufuatana nao kwenye njia ndefu, kwa kuwa tembo na nyati hawajaarifiwa kwamba tumekuja kwa ajili ya ndege. Daftari ziwe za karatasi ngumu na kalamu ziwe za risasi, maana wino haupatani na ukungu wa mlimani.

Limebaki swali moja, nalo ni la lango la Mang'ula. Ndege huanza saa kumi na mbili kasoro alfajiri. Tunangoja kuambiwa lango litafunguliwa saa ngapi.