Karani na Kalamu Yake

Katika nyumba nyingi za Kakamega kazi ya mshahara si jambo la mtu mmoja. Mwana apatapo ukarani, karo ya wadogo zake hulipwa, mbolea hununuliwa kwa wakati, na mabati yaliyooza hubadilishwa. Kwa hiyo anaporudi siku moja na kusema kwamba kazi ile yapingana na moyo wake, watu wa nyumbani hawaulizi kwanza kama ni haki au si haki. Huuliza nani atalipa karo. Swali hilo si la kudharauliwa.

Tena si kila kazi imsumbuayo mtu iliyo kazi mbaya. Tazama kijana aliyelelewa katika Kanisa la Marafiki, ambalo wamisionari wa Kimarekani walilianzisha Kaimosi mwaka 1902. Tangu utoto amefundishwa kuacha pombe na tumbaku. Sasa kazi aliyoipata ni kuandika hesabu katika ghala la bia. Dhamiri yake yamsumbua, na ina haki ya kumsumbua. Lakini hesabu anazoziandika ni za kweli, hapana mtu aliyeibiwa, wala tajiri wake hakumficha kitu siku ya kumwajiri. Huyo anayo nafasi ya kungoja. Aweza kuweka akiba, kutafuta kazi nyingine kwa utaratibu, kushauriana na wazee wa kanisa lake, kisha akaaga kwa heshima. Lisilofaa ni kula mshahara wa ghala huku akiwatukana wanunuzi mlangoni.

Shauri hubadilika pale mtu anapotakiwa kutia mkono wake katika uongo, au kunyamaza mbele ya dhuluma. Bibi Eileen Fletcher, Mwingereza wa dini hiyo hiyo ya Marafiki, aliajiriwa na Serikali ya Kenya wakati wa Hali ya Hatari ili kusimamia kazi ya kuwarekebisha wanawake waliofungwa. Hakudumu. Baada ya miezi saba alijiuzulu, na mwaka 1956 akaandika katika gazeti la Peace News la London kwamba katika gereza la Kamiti aliwakuta wasichana wadogo, hata wa miaka 11, waliohukumiwa kifungo cha maisha. Serikali ilimpinga, lakini habari hizo zilifika hata Bunge la Uingereza. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba bibi huyo alikuwa na kwao pa kurudi, mbali na mkono wa waliomwajiri. Karani mwenyeji hana bahari ya kuvuka.

Habari ya karani mwenyeji yaanzia kwenye dhahabu, na dhahabu watu wa Kakamega waijua. Ilivumbuliwa huko mwaka 1931, Wazungu wakamiminika na mahema yao, na mwishoni mwa mwaka 1932 sheria ya ardhi iliyotungwa miaka miwili tu kabla yake ikabadilishwa ili wachimbaji wapate nafasi katika ardhi ya Waafrika. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Kwa miaka mingi baadaye waliobaki walikuwa watu wenye sururu na karai, wakitafuta chembe chache za kuuza. Basi mzee wa Kakamega angalicheka kama angaliambiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba Kenya yapeleka ng'ambo dhahabu ya mabilioni.

Lakini ndivyo karatasi zilivyosema. Kampuni iliyoitwa Goldenberg ilidai ruzuku ya 35 kwa mia kwa dhahabu na almasi ilizosema kwamba imeziuza nchi za nje, ikalipwa fedha nyingi mno za umma. Kenya haikuwa na mgodi wa almasi hata mmoja.

Baadhi ya hati za malipo hayo zilipita mezani mwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Hakuwa mkubwa wala tajiri, na sheria ya siri za Serikali ilikuwa juu ya kichwa chake. Mwaka 1993 alitoa nakala za hati, zikafika mikononi mwa wabunge wa upinzani, na habari ikatangazwa Bungeni. Alikamatwa, akashitakiwa kwa kutoa siri, kisha akaachiliwa. Lakini kazi ilikuwa imekwisha kupotea. Alikwenda kuishi Mombasa, na baadaye Narok. Wazee husema mchuma janga hula na wa kwao, na hapa hata aliyejaribu kulizuia alikula nao.

Miaka kumi ilipita kabla Serikali mpya haijaunda tume chini ya Jaji Samuel Bosire, mwaka 2003, na Munyakei akatoa ushahidi mbele yake. Mwaka 2004 alipewa tuzo la uadilifu la shirika la Transparency International. Kazi hakurudishiwa. Alifariki mwezi Julai 2006, akiwa maskini. Sheria ya kuwalinda mashahidi ilipitishwa mwishoni mwa mwaka huo huo.

Wako wasemao kwamba alikuwa mjinga. Maneno hayo husemwa zaidi na watu ambao hawajaletewa karatasi ya uongo ili waitie sahihi. Hata hivyo si vema kumtuma kijana katika njia hiyo kwa sifa tupu, bila kumwambia bei yake. Karani akiambiwa kuandika kwamba magunia 100 ya mbolea yamepokewa, naye ameyahesabu 60, aombe kwanza amri hiyo kwa maandishi. Mara nyingi aliyeitoa kwa mdomo huona haya kuiandika. Aandike tarehe na saa katika daftari lake mwenyewe. Akikosa msaada kwa wakubwa wake, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi hupokea habari hata kwa mtu asiyetaja jina. Na jioni hiyo hiyo akae na mkewe wazungumze, ili siku ng'ombe atakapouzwa pasiwe na mtu nyumbani anayeuliza kwa nini.