Miaka 45: Ukuta kwa wanaotaka ualimu ukubwani

WAPO watu wazima mijini ambao, baada ya miaka mingi ya kazi benki, kiwandani au dukani, hupata nia ya kushika chaki katika shule ya msingi. Baadhi yao husukumwa na kupunguzwa kazini, na wengine huitikia wito waliouahirisha ujanani. Swali la kujiuliza ni je, utaratibu wa ajira serikalini unawapa nafasi?

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida humtaka mwombaji awe raia wa Tanzania mwenye umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kama tayari ni mtumishi wa serikali. Umri wa mwalimu kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Tofauti yake ni miaka 15, yaani miezi 180, ambayo ndiyo muda wa chini wa kuchangia ili mwanachama wa mfuko wa PSSSF, ulioanzishwa mwaka 2018, astahili pensheni ya kila mwezi.

Kwa maana hiyo, kikomo hicho kina mantiki yake. Anayeajiriwa akiwa na miaka 46 angefika umri wa kustaafu kabla ya kutimiza muda huo.

Hata hivyo, hesabu hiyo inambana zaidi anayebadili kazi. Tuchukue mfano wa mhasibu mwenye miaka 41 anayeacha kazi na kuingia chuo cha ualimu kwa kozi ya miaka 2. Anapohitimu ana miaka 43, na amebakiwa na miaka 2 tu ya kutafuta ajira serikalini, akishindana na vijana waliohitimu kabla yake na bado wako mitaani. Tangu mwaka 2025, waombaji wa nafasi hizo hupitia pia usaili.

Hivyo, ingawa tangazo linataja miaka 45, kwa vitendo uamuzi wa kubadili kazi unapaswa kufanywa kabla ya kufikia miaka 40. Anayechelewa hubakiwa zaidi na shule binafsi, ambako mshahara na usalama wa ajira hutegemea mfuko wa mwenye shule.

Historia inaonyesha kwamba Serikali imewahi kulegeza taratibu pale hali ilipolazimu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, wahitimu wa elimu ya msingi walifanywa walimu na kufundishwa wakiwa kazini, kwa msaada wa redio na masomo kwa njia ya posta. Ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwaka 2002, walimu wanafunzi walikaa chuoni mwaka 1 na kumalizia mwaka wa pili wakifundisha shuleni.

Mara zote mbili kilicholegezwa ni elimu ya kuingilia au muda wa mafunzo, jambo lililozua malalamiko kuhusu ubora. Mtu mzima mwenye uzoefu haombi kulegezewa hayo. Yuko tayari kusoma kozi yote na kufanya mazoezi ya kufundisha kama wenzake. Kinachomkwamisha ni pensheni.

Hapo ndipo ufumbuzi unapaswa kutafutwa. Mtu aliyechangia NSSF kwa miaka 12 akiwa sekta binafsi haanzi sifuri. Iwapo miaka hiyo itahesabiwa pamoja na ile atakayochangia PSSSF, hoja ya miezi 180 itapungua nguvu. Njia nyingine ni ajira ya mkataba wa miaka michache, hasa kwa shule za vijijini ambako darasa moja huwa na watoto wengi kuliko uwiano wa mwalimu 1 kwa wanafunzi 45.

Ni kweli kwamba vijana wasio na ajira wana haki ya kutangulizwa. Lakini pale ambapo nafasi ya kijijini imekosa mtu, ni vigumu kueleza kwa nini mwalimu aliyehitimu vizuri aachwe kwa sababu ya tarehe yake ya kuzaliwa.