Mti Ukirefuka, Mwenye Duka Ndiye Hungoja

Vijana wanaojifunza programu hapa Mbotela wana msemo: "Mambo ya miti waachie watu wa kampasi, sisi tunataka kitu kifanye kazi." Mimi niliacha kampasi, na bado napinga. Urefu wa mti wa binari unafaa kuujua kabla hujamuuzia mwenye duka programu yoyote.

Chukua daftari la madeni la duka lenye wateja saba: Achieng, Barasa, Chebet, Kamau, Mutua, Njeri na Otieno. Kwenye mti wa binari wa kutafutia, kila jina ni nodi, na kila nodi ina watoto wasiozidi wawili. Jina linalotangulia kialfabeti huenda kushoto, linalofuata huenda kulia. Urefu ni hatua za kutoka kwa mzizi hadi jani la mbali zaidi.

Sasa ingiza majina hayo kwa utaratibu, A hadi Z. Achieng anakuwa mzizi, Barasa anaenda kulia kwake, Chebet kulia kwa Barasa, hivyo hivyo mpaka Otieno. Urefu ni 6. Hapo umejenga foleni ya stage ya matatu. Anza na Kamau, halafu Barasa na Njeri, kisha wale wanne waliobaki: urefu ni 2. Majina ni yale yale.

Kwa watu 7 hakuna atakayeona tofauti. Weka milioni moja. Mti uliosawazika hupata jina kwa kulinganisha mara 20 hivi. Ule wa foleni unaweza kulinganisha mara milioni nzima. Waliobeba mtungi wa maji kwenye ngazi za fleti za Pipeline wanaelewa: kinachokuchosha ni ghorofa unayopanda, idadi ya vyumba kwenye ploti haikuhusu.

Najua utanijibu kwamba hifadhidata hujipanga zenyewe. Kweli. Mwaka 1962 huko Muungano wa Sovieti, Georgy Adelson-Velsky na Evgenii Landis walieleza mti unaojisawazisha, ambao leo huitwa AVL: kwa kila nodi, urefu wa kushoto na wa kulia hautofautiani kwa zaidi ya 1. Hifadhidata nyingi hutumia miti ya B, ambayo nodi moja hubeba majina mengi ili mti ubaki mfupi.

Lakini msaada huo lazima uuombe. Usipoweka indeksi kwenye namba ya simu ya mteja, mashine itasoma daftari mstari kwa mstari. Wateja wanangoja, mwenye duka analaumu simu yake, halafu anarudi kwa kalamu na karatasi. Wewe umepoteza kazi na hujui kwa nini.

Na ukiulizwa urefu kwenye intavyu, uliza kwanza wanahesabu nini. Vitabu vingine huhesabu nodi badala ya hatua, na mti wetu wa 2 unakuwa wa 3.

Kanuni yenyewe ni fupi: nodi isiyo na mtoto ina urefu 0, nyingine yoyote, chukua urefu wa mtoto aliye mrefu zaidi, ongeza 1. Haitaki karo wala bando. Chora majina saba ya watu wa ploti yenu leo usiku, uhesabu.