TAHARIRI: Thamani ya Shauri Jema Hupimwaje?



Mwinjili Marko anatusimulia kwamba Bwana wetu aliketi kuelekea sanduku la hazina ya Hekalu, akitazama jinsi watu walivyotoa sadaka. Matajiri walitia fedha nyingi. Mjane maskini akatia visenti viwili tu, na Bwana akasema kuwa mjane huyo ametoa kuliko wote. Yesu hakukataa kupima. Alikataa kipimo kinachotazama wingi wa fedha bila kumtazama mtu aliyezitoa.

Tumeanza na mjane huyo kwa sababu siku hizi vijana wetu, kuanzia Izimbya hadi visiwa vya Muleba, wanatafuta ushauri kwa njia ya simu na intaneti. Wanaogharimia huduma hizo wanauliza: je, fedha zetu zimeleta manufaa gani kwa jamii? Swali hilo ni halali, tena ni swali la haki, maana jibu lake ndilo linaloamua huduma ipi iendelee na ipi ifungwe.

Wazee wengine husema kijana mwenye shida aje kwa wazazi au kwa Padre. Ni kweli, lakini si kila mlango uko wazi. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliochapishwa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakumwambia mtu ye yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini ikiwa anayemwumiza mtoto anakula naye chungu kimoja, mtoto huyo amwambie nani? Ndiyo maana tangu 2013 ipo Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, inayoendeshwa na C-Sema kwa kushirikiana na Serikali, na kupigwa bila malipo.

Kwa ridhaa yake, na bila kutaja jina wala kigango, tunawasimulia habari za binti mmoja yatima. Wazazi wake walipofariki, baadhi ya ndugu wa upande wa baba walianza kuvuna ndizi katika kibanja alichoishi na wadogo zake wawili, wakisema mtoto wa kike hana fungu katika ardhi ya ukoo. Aliogopa kuja kwetu, kwa kuwa mmoja wa ndugu hao ni mtu anayeheshimiwa katika jumuiya. Usiku mmoja, kwa simu ya kuazima, aliandikia huduma ya ushauri kwa vijana. Alijibiwa kwa upole kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Aliambiwa pia kuwa mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Ephrahim na Pastory lililotoka huku huku Uhayani, alikataa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kisha akaelekezwa ofisi ya kwenda. Alikwenda mara tatu, na mara tatu aliambiwa arudi siku nyingine.

Katika daftari la huduma ile, bila shaka, aliandikwa: amehudumiwa. Kumbe nyumbani mikungu yake iliendelea kukatwa na wengine.

Hata hivyo, tusiidharau huduma ile. Binti alituambia neno ambalo halina nafasi daftarini: usiku ule alilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, kwa kuwa alijua si yeye mwenye kosa. Tena ushauri ule ndio uliompa moyo wa kuja parokiani. Shauri lake lingali mbele ya baraza la ardhi tunapoandika haya.

Basi, tupimeje? Wataalamu wa kupima manufaa ya kijamii wanafundisha kuuliza: nani amebadilika, yeye mwenyewe anasemaje, ni kipi kingetokea hata bila huduma, na gharama ilikuwa kiasi gani. Halafu hujaribu kutafsiri mabadiliko hayo kwa fedha. Maswali hayo ni mema. Lakini kibanja kina bei, na usingizi wa yatima hauna. Tukitaka shilingi kwa kila jambo, huduma inayojibu maswali mepesi ya vijana 1,000 itaonekana bora kuliko ile inayomsindikiza kijana mmoja barazani kwa miezi 6.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Pale Nshamba, Muleba, shirika la Kwa Wazee limewapa pensheni ndogo wazee wanaolea wajukuu tangu 2003. Tathmini yake ya 2008 haikuishia kuhesabu waliopokea. Iliwauliza wazee na wajukuu kuhusu chakula, sabuni, mahitaji ya shule na hata huzuni yao, ikawalinganisha na ambao hawakuwa wakipokea. Huko ndiko kupima kwa heshima.

Kwa hiyo, viongozi wa walei, yatupasa mambo matatu. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwe na watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, wa kumsindikiza kijana aliyekwisha pata ushauri hadi ofisini, ili asiende peke yake mara tatu. Pili, baada ya miezi 3 na tena baada ya 6, tumwulize: je, bado unaishi kibanjani? Umerudi shuleni? Tatu, siri yake isigeuzwe kuwa taarifa: tuandike idadi, tusiandike majina. Wala tusiwasahau wasio na simu, kwani hao hawamo katika daftari lo lote.

Na yule ndugu anayeheshimiwa, naye ajiulize kwa nini yatima wa ukoo wake aliona ni salama zaidi kumwandikia mgeni kuliko kubisha hodi mlangoni pake. Swali hilo latuhusu sisi sote.