Daktari Aliyewafuata Wasio Wagonjwa

Huko Kakonko, na Kibondo na Kasulu vilevile, wapo wasemao kwamba ugonjwa wa sukari ni wa mabwana wa Dar es Salaam, wenye motokaa na matumbo. Mtu wa shamba, ati, alaye ugali wa muhogo na maharage na kushika jembe tangu alfajiri, ataupata wapi? Basi kijana akianza kukonda, akanywa maji bila kiasi, akaenda haja ndogo usiku kucha hata sisimizi wakakusanyika pale alipokojoa, wakubwa wa nyumba humtafuta aliyemroga. Siku zinapita, na kijana anakufa.

Dhana hiyo ya shamba si ya kipumbavu. Imewahi kupimwa, na aliyeongoza kuipima ni Profesa Donald McLarty, Mskoti aliyefundisha udaktari pale Muhimbili. Kwa desturi daktari hungoja mgonjwa aje. Yeye na wenzake, miongoni mwao Daktari Swai na Daktari Kitange, waliona kwamba hospitali huonyesha wale tu waliofika. Waliobaki vijijini nani amewahesabu? Wakaenda katika vijiji sita vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakawapima watu 6,299 wenye umri wa miaka 15 na zaidi.

Kipimo chenyewe chataka subira. Mtu hulala bila kula. Asubuhi hutolewa damu, hunyweshwa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha hungoja saa mbili atolewe damu tena. Kwa mwenye afya, sukari hiyo imekwisha kupungua, kwa maana insulini itokayo kwenye kongosho huifungulia mlango ikaingia katika misuli na ini. Kwa mgonjwa mlango umefungwa, na sukari hubaki katika damu. Hebu fikirini kazi ya kuwabembeleza watu zaidi ya elfu sita, wengi wao wazima kabisa na mashamba yao yawangoja, wakae na njaa namna hiyo!

Mwaka 1989 matokeo yalichapishwa katika Lancet, gazeti la madaktari la London. Wenye kisukari hawakufika mmoja katika kila watu 100. Tena ilionekana baadaye kwamba hata dalili za hatari ya maradhi ya moyo zilikuwa chache vijijini. Wazee wa Kakonko wangesema, “Hatukuwaambia?” Lakini ilikuwako hesabu ya pili, nami naiona kubwa kuliko ya kwanza. Karibu watu 8 katika 100 walikuwa katikati: hawajawa wagonjwa, ila sukari yao ilichelewa kushuka. Si lazima watu hao waugue. Uzito ukiongezeka na miguu ikiacha kutembea, wao ndio wa kwanza kukamatwa.

Mwaka 2000 wachunguzi wengine walitoa hesabu za Ilala, mjini Dar es Salaam, na kijiji cha Shari kule Hai. Ilala wanaume 5.9 katika 100 walikuwa na kisukari; Shari 1.7. Wanawake wa Ilala walikuwa 5.7, wa Shari 1.1. Halafu mwaka 2012 uchunguzi wa nchi nzima ukawakuta na sukari nyingi watu 9 katika 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo havikuwa vya namna moja, wala havifai kuwekwa kwenye mizani kama magunia ya maharage, lakini njia iendako yaonekana. Mwaka huo huo Kakonko ilifanywa wilaya, na kwa wilaya huja pikipiki za kuokoa miguu, sembe nyeupe, na soda za kumpa mgeni.

Lakini mimi McLarty namheshimu zaidi kwa jambo jingine. Mwaka 1992 yeye na wenzake waliuliza waziwazi kama ugonjwa huu ni lazima uue Afrika, wakaketi kuhesabu fedha. Mgonjwa ahitajiye insulini aligharimu dola 287 kwa mwaka katika 1989–90, na dola 156 kati ya hizo zilikuwa za insulini peke yake. Mkulima gani wa Buha angezitoa mfukoni? Insulini ilikuwa imekwisha kupatikana duniani tangu 1922. Dawa ilikuwako, bei ndiyo iliyowazuia watu.

Aliyeandikiwa insulini na asiiache hata siku moja kwa kuambiwa kwamba amepona. Haimezwi, maana tumbo huiharibu. Huchomwa chini ya ngozi. Haipendi jua, wala isigande barafu. Pasipo friji, chukueni chungu kidogo, mkiweke ndani ya kikubwa, mjaze mchanga katikati na kuulowesha kila siku, kisha mviweke kivulini penye upepo. Chupa ikifunguliwa iandikwe tarehe. Baada ya wiki nne hivi itupwe, hata kama dawa imebaki.