Saa ya Baba Iliyoingia Majini

Juma hili sina budi kuanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Ndugu yangu mdogo, ambaye ni mlinzi huko Doha, nchini Qatar, alimletea baba yetu saa janja ya mkononi, yaani ile yenye kioo cha kugusa kwa kidole, na mgongoni ina taa ndogo ya kijani isomayo mapigo ya moyo. Baba amekwisha kupita miaka 70, naye hushikwa na kizunguzungu mara kwa mara. Saa ile ilimfurahisha kupita kiasi, na hata wazee wenzake hapa Masinya walikuwa wakimjia jioni ili nao wapimwe. Jumamosi moja aliniachia niitie umeme. Nikaiweka mfukoni mwa gauni, nikasahau, na gauni nikalitumbukiza katika beseni la sabuni.

Nilipoigundua, muda wa saa nzima ulikuwa umepita. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, lakini saa ilikuwa ingali hai, ikionyesha saa nne na robo. Nikashukuru, nikaipangusa kwa upande wa kitenge, nikaipachika kwenye chaja. Hapo ndipo nilipoiua.

Watu wengi hudhani kwamba maji ndiyo yanayoviua vyombo vya namna hii. Ukweli ni kwamba maji yaliyo safi kabisa hayapitishi umeme kwa wepesi. Maji ya kisima, maji ya mto Sio, na zaidi ya yote maji ya beseni la kufulia, yamebeba chumvichumvi, na hizo ndizo ziupitishazo. Betri ya saa kama ile ina nguvu ya volti 3.7 hivi. Nguvu hiyo haiwezi kumshtua hata mtoto, ila yatosha kabisa kuyavunja maji na kuila shaba. Umeme upitapo ndani ya unyevu kutoka njia moja hadi nyingine, shaba huyeyuka kidogo kidogo na kuacha unga wa kijani, mithili ya ule uonekanao kwenye sufuria kuukuu za shaba. Saa iliyolowa ikazimwa mara moja yaweza kusubiri fundi. Iliyolowa ikaachwa inawaka hujila yenyewe, na iliyotiwa kwenye chaja huliwa upesi zaidi.

Baada ya nusu saa niliikuta ina joto la yai lililotoka jikoni. Hapo niliogopa, na nilikuwa na haki ya kuogopa. Betri hizi za lithiamu zikiharibika huweza kuvimba, na zikizidi kupata moto huwaka kwa ghafla, na moto wake ni mgumu kuzimika. Nikachomoa chaja ukutani kwanza, kisha nikaipeleka saa nje kwa kibao na kuiacha juu ya udongo mtupu, mbali na nyumba na mbali na watoto. Yeyote aonaye saa au simu imevimba tumbo asiibonyeze wala asiitoboe, na asiitupe katika shimo la takataka linalochomwa moto.

Majirani walikuja na shauri moja: mchele. Katika nchi hii isiyo mbali na Butaleja, ambako mashamba ya mpunga ya Doho yanatulisha, mchele haukosekani, na kila mtu anaye binamu ambaye simu yake iliponywa nao. Mimi nasema simu hizo zilijikaukia zenyewe. Mchele haufyonzi maji yaliyokwisha jificha chini ya kioo, na vumbi lake huingia katika vitundu. Mnamo mwaka 2024, kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake wasizitie simu zao katika mchele kwa sababu hiyo ya chembechembe. Vile vifuko vidogo vya jeli ya silika vikutwavyo ndani ya maboksi ya viatu vinafaa zaidi, lakini navyo hukausha unyevu tu. Chumvi na sabuni hubaki palepale. Jua kali ni baya, maana huilegeza gundi na kuichosha betri. Jivu la moto, ambalo shangazi yangu alilishauri kwa moyo safi, ni baya kupita yote.

Jumatatu nilipanda bodaboda hadi Busia mjini, kwa fundi kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita zamani zile nilipokuwa nikifundisha.

“Mwalimu, umeiwasha tangu ilowe?”

“Nimeitia hata chaja.”

Akanyamaza kidogo. “Basi tuombe, Mwalimu.”

Kazi yake niliitazama toka mwanzo hadi mwisho. Aliupasha moto ukingo wa kioo mpaka gundi ikalegea, akapenyeza kipande chembamba cha plastiki, akakiinua kioo polepole kama mtu afunuaye jicho la mgonjwa, kwani waya bapa uunganishao kioo na bodi ni mwembamba kama karatasi. Kabla ya jambo lingine lolote aliichomoa betri. Kisha akaisugua bodi kwa mswaki laini na spiriti kali ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 itumikayo kusafishia vidonda ina maji mengi ndani yake, hivyo haifai hapa. Unga wa kijani ulikuwa umeenea upande wa chaja. Vidoti vya kupokelea umeme vilivyopakwa dhahabu ndivyo pekee vilivyong'aa, na fundi akacheka kwamba dhahabu ileile wanayoichimba wenzetu wa Tiira ndiyo isiyojua kutu. Bodi ikaachwa ikauke hadi kesho yake, betri ikabadilishwa, na kioo kikabandikwa kwa gundi mpya. Nililipa shilingi 45,000 za Uganda, sehemu yake kwa shilingi za Kenya kama ilivyo desturi ya mpakani.

Nilimwuliza kwa nini saa iliyoandikwa “5 ATM” mgongoni iliingiza maji katika beseni. Alama hiyo humaanisha kwamba saa ilipokuwa mpya ilistahimili kanieneo sawa na ile ya maji yaliyotulia ya kina cha mita 50. Haikuahidi chochote juu ya sabuni, ambayo huyafanya maji yapenye mahali yasipoweza kupenya, wala juu ya maji ya moto, wala juu ya mpira uliokwisha kuchakaa. Mwezi wa Oktoba 1927 mwogeleaji wa Uingereza, Mercedes Gleitze, alikaa kwa muda wa saa zaidi ya 10 katika mlangobahari baridi wa baina ya Uingereza na Ufaransa akiwa na saa ya Rolex, na saa ikatoka inakwenda. Lakini ile ilikuwa ya magurudumu na kamani, haikuwa na umeme wa kuiangamiza. Na saa iliyokwisha funguliwa kwa fundi isihesabiwe tena kuwa haiingii maji, hata alama ingali imeandikwa.

Saa ya baba sasa yawaka, yahesabu hatua, yapokea salamu kutoka Doha. Taa ya kijani ndiyo haikupona sawasawa: mara husoma mapigo 40, mara 160, na mzee ameketi tu kivulini. Nilimweleza yote bila kuficha. Aliigeuzageuza mkononi, akaivaa, kisha akaweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa pili, kama alivyofundishwa na mwuguzi, akaniambia nimtazamie sekunde 30 katika kioo cha saa.

“Thelathini na sita, mama,” akasema. “Zidisha mara mbili wewe, mwalimu.”